Kujitengenezea Mashine ya CNC ya Kukatia Vipande vya Vyombo vya Mfano, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa maseremala wa Mikindani, vijana wa ufundi wa Mtwara mjini na Lindi, wachongaji wa mpingo, na watu wazima wenye mapenzi ya vyombo vya baharini wanaotaka kuunda mfano wa jahazi, mashua au ngalawa. Jambo lililokwisha kuelezwa sikulirudia, nimetaja tu namba ya swali lake.

Utaona ninasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: mashine ndogo iliyo ngumu ina faida kuliko kubwa inayotetereka. Fremu na skrubu (fito ndefu yenye hesi inayosogeza mashine, si ya kufungia) ndiyo roho ya kazi. Vya umeme unaweza kubadilisha baadaye.

## Mambo ya mwanzo

1. CNC ni kitu gani hasa?

Ni ruta ya seremala, ile ile inayozungusha biti kwa kasi, iliyofungwa kwenye fremu yenye mihimili mitatu na kusukumwa na mota badala ya mkono. X ni kushoto na kulia, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini. Kompyuta inasoma orodha ya amri inayoitwa msimbo wa G. Amri moja huandikwa hivi: G1 X40 Y25 F600, yaani nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 40 upande wa X na 25 upande wa Y, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Faili ya mataruma (mbavu) ya mashua huwa na maelfu ya mistari kama huo, na wewe huandiki hata mmoja: programu inakuandikia (swali la 15).

2. Mbona babu zetu walikata kwa mkono na vikatoka vizuri?

Vilitoka, na bado vinatoka. Ukitaka mfano mmoja tu wa kuweka sebuleni, msumeno mwembamba, tupa na msasa vitakufikisha mapema kuliko kujenga mashine. Mashine inalipa pale unaporudia: taruma la kushoto lilingane na la kulia, chombo cha pili kifanane na cha kwanza, au matundu ya milimita moja yapangike bila kupinda.

3. Kwa nini nisinunue leza tu?

Leza inakata plaiwudi nyembamba bila kuisukuma, hivyo haihitaji fremu nzito. Lakini inaacha kingo nyeusi zilizoungua ambazo gundi haizishiki vizuri, na kuchimba mfereji wa kina kinacholingana, kama ule wa pembeni mwa mkuku (uti wa mgongo wa chombo, chini) unaopokea ubao wa kwanza, ni taabu. Mpingo utauunguza tu. Habari njema ni kwamba GRBL, programu ya kuendesha mashine ninayoieleza kwenye swali la 10, ina hali ya leza ($32=1), kwa hiyo siku ukitaka utaifunga kwenye fremu hiyo hiyo. Miwani yake maalumu usikose.

4. Ukubwa gani unanitosha?

Piga hesabu kutoka kwenye chombo, usianzie kwenye mashine. Mashua ya mita 8 kwa kipimo cha 1:20 inakuwa sentimita 40. Jahazi la mita 15 kwa 1:25 linakuwa sentimita 60. Kipande kikubwa pekee hapo ni mkuku. Taruma pana la jahazi hilo halizidi sana kiganja cha mkono.

Eneo la kukata la milimita 300 kwa 400, na Z ya milimita 60, linamaliza karibu kazi zote za namna hii. Wengi wanaanza na ndoto ya mita moja kwa mita moja. Boriti ikirefuka mara mbili, kwa mzigo ule ule inapinda mara nane, na kupinda huko utakuona kwenye kila ukingo wa kipande. Mkuku mrefu una dawa yake, swali la 24.

5. Pesa yangu niiweke wapi kwanza?

Kwenye skrubu na reli, kisha fremu, kisha mota na draiva (bodi zinazolisha mota umeme). Ruta unaweza kuanza na ile uliyonayo karakanani, na kompyuta mpakato ya zamani inatosha kabisa. Biti nunua chache nzuri za kabaidi kuliko pakiti kubwa ya zisizojulikana.

## Fremu na mwendo

6. Fremu iwe ya mbao, aluminiamu au chuma?

Kwa huku kwetu ninachagua bomba la chuma la mraba kwa kitako na aluminiamu nene kwa daraja linalobeba ruta. Mafundi wa mageti wapo kila mtaa, na bomba la inchi 2 kwa 2 lenye unene wa milimita 2 linapatikana dukani bila kuagiza. Mwambie fundi aishike fremu yote kwa nukta ndogo za kuchomelea kwanza, apime mshazari, ndipo akamilishe kwa kuruka kutoka kona moja hadi ya mkabala. Akichomelea upande mmoja moja kwa moja, joto litaivuta fremu na haitalala sawa mezani. Reli usizifunge juu ya chuma kilichopinda kabla hujakiwekea vipande vyembamba vya kusawazisha.

Kwa daraja, pita kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu uulizie mabaki mapana. Chagua mazito. Yale membamba ya fremu ya dirisha yanalia ruta ikiwashwa.

Mbao inawezekana, hasa ubao wa marine wa milimita 18 uliopandishwa mara mbili kwa gundi. Ila unyevu wa Pwani unaichezea, na mashine iliyonyooka wakati wa kiangazi huweza kuhitaji kusawazishwa upya mvua zikishaanza.

7. Mikanda au skrubu?

Skrubu. Mikanda ya GT2 ni mizuri kwenye mashine za kuchapa 3D ambazo hazisukumi kitu kigumu. Biti ikiingia kwenye mninga, mkanda unavutika.

Skrubu za T8 (kipenyo milimita 8) ni rahisi na zinatosha kwa mashine ndogo. Skrubu za gololi, kama SFU1204 au SFU1605, ni ghali zaidi lakini zinateleza na kucheza kwake ni kudogo sana. Katika namba hizo tarakimu mbili za mwanzo ni kipenyo, mbili za mwisho ni milimita inazosogea kwa mzunguko mmoja.

8. Duara langu linatoka limebapa sehemu nne. Tatizo nini?

Huo ni mchezo: skrubu inageuza mwelekeo lakini nati inachelewa kuifuata. Duara linabapa pale mhimili mmoja unapogeuka. GRBL haina fidia ya mchezo, kwa hiyo dawa ni ya chuma, si ya programu.

Zima umeme, shika kibebeo cha ruta ukisukume na kukivuta. Kikigonga, fuatilia mlio: mara nyingi ni kiungo kati ya mota na skrubu kilicholegea, au beringi ya mwisho haijabanwa na skrubu inateleza mbele na nyuma. Hivyo viwili vikiwa sawa, badilisha nati uweke ile ya vipande viwili yenye springi katikati.

9. Nitajuaje kama mihimili iko mraba?

Tumia hesabu ya waashi. Toboa tundu kwenye sifuri, jingine kwenye X300, jingine kwenye Y400. Kutoka la X300 hadi la Y400 lazima iwe milimita 500. Ikizidi au ikipungua, legeza upande mmoja wa daraja usogeze. Ruta nayo isimame wima: funga waya uliopinda badala ya biti, uzungushe kwa mkono, uone kama ncha yake inagusa meza sawa pande zote nne.

## Umeme na uendeshaji

10. Mota, draiva na ubongo wa mashine: nichague nini?

Mota za hatua za NEMA 23 (uso wa milimita 57) kwa fremu ya chuma, NEMA 17 (milimita 42) kama mashine ni ndogo sana na unakata plaiwudi tu. Kila moja ina hatua 200 kwa mzunguko. Kwa NEMA 23 weka draiva za TB6600 au DM542 na pawa saplai ya volti 36. Draiva ndogo za A4988 zinafaa NEMA 17 pekee.

Ubongo ni Arduino Uno iliyowekewa GRBL, programu ya bure iliyoanza mwaka 2009. Jambo la kwanza la kuweka ni hatua kwa milimita, kwenye $100, $101 na $102. Chukua hatua 200, zidisha kwa mgawanyo uliouchagua kwenye draiva (vipande ambavyo draiva inaigawa kila hatua), gawanya kwa milimita za mzunguko mmoja wa skrubu. T8 inayosogea milimita 8, kwa mgawanyo wa 8, inatoa 200 kamili. SFU1605 inatoa 320.

Kisha hakiki. Agiza mashine iende milimita 200, pima. Ikienda 198.6, zidisha 200 kwa 200 gawanya kwa 198.6, weka 201.41. Ikiwa kosa ni nusu au mara mbili nzima, usiguse hesabu: swichi za mgawanyo kwenye draiva zimekaa vibaya.

11. Ruta ya kawaida inafaa, au nitafute spindeli?

Ruta ndogo ya mkono ya wati 700 hivi, yenye kirekebisha kasi, inafaa sana. Hakikisha ni ya volti 230. Zile za Marekani za volti 110 zikichomekwa kwenye soketi yetu moja kwa moja, mwisho wake ni moshi. Biti ndogo nyingi zina shina la milimita 3.175, kwa hiyo tafuta kishikio cha ukubwa huo. Ili kujua kama inayumba, chimba mfereji mmoja kwa biti ya milimita 2 na upime upana. Ukipata 2.2, kishikio au beringi imechoka.

12. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ndiyo basi?

Hapana, ukijiandaa. Mota za hatua hazikumbuki zilipokuwa, lakini GRBL inahifadhi mahali pa sifuri ya kazi (G54) hata ikizimwa. Ukiwa na swichi za nyumbani (zile za mwisho wa mhimili ambazo mashine inazigusa ili ijue ilipo) kwenye kila mhimili, umeme ukirudi unainua Z kwa mkono, unaiamuru mashine irudi nyumbani, nayo inajua tena sifuri yako iko wapi.

Fungua faili, tafuta mwanzo wa pasi (mpito mmoja wa biti) iliyokatizwa, futa mistari iliyokwisha kukatwa, lakini acha ile ya juu kabisa inayotaja milimita, vipimo kamili, kasi na kuwasha ruta. Bila hiyo mashine itaanza na mipangilio isiyo yako.

Kama huna swichi za nyumbani, kabla ya kila kazi toboa tundu la milimita 2 kwenye ubao wa chini mahali pa X0 Y0. Umeme ukirudi, unaiteremsha biti hiyo hiyo tunduni humo na unaanza kutoka hapo.

Kuhusu LUKU: ruta, mota na kompyuta vyote pamoja havifiki wati 1,200 vikiwa vimebanwa kabisa, kwa hiyo saa nzima ya kukata inakula uniti moja hivi au pungufu. Kwa jenereta au sola, hakikisha inveta ni ya wimbi safi.

13. Mashine inasimama yenyewe na kusema imegusa mwisho, na haijagusa kitu.

Ni kelele za umeme kwenye waya za swichi. Zitenganishe na waya za ruta, tumia waya wenye ngao na uiunge ngao hiyo kwenye ardhi upande mmoja tu. Swichi zifunge kwa namna ya kukatika zinapobonyezwa, kisha uweke $5=1. Bomba la mashine ya kunyonya vumbi nalo huzalisha chaji: pitisha waya wa shaba usio na ngozi ndani yake, uufikishe ardhini. Fremu yote lazima iwe na waya wa ardhi, hilo ni la uhai wako kabla ya kuwa la mashine.

Na kama inasimama bila kusema chochote, angalia kompyuta. Mara nyingi imelala usingizi. Zima mpangilio huo kabla ya kuanza kazi.

## Kutoka chombo halisi hadi faili

14. Michoro ya mashua zetu nitaipata wapi?

Nenda ufukweni ukaichukue mwenyewe. Fundi wa jahazi wa Pwani hajengi kwa karatasi, anajenga kwa jicho, kwa hiyo mchoro wa kweli ni chombo chenyewe. Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo mfano unapopata sura ya Mikindani au Kilwa badala ya sura ya mashua yoyote tu.

Ongea na nahodha kwanza. Subiri maji yakupwe na chombo kiwe kimesimamishwa sawa juu ya magogo. Kikiwa kimelala upande, timazi haikusaidii. Vuta uzi katikati kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), uweke alama kila sentimita 50. Kwenye kila alama laza fito iliyonyooka juu ya kingo, itokeze nje, na kwenye ncha yake ning'iniza timazi kwa umbali unaoujua kutoka katikati. Sasa teremka na futi kando ya uzi wa timazi, na kila sentimita 10 pima kwa mlalo hadi kwenye ubao wa chombo.

Tuseme timazi iko sentimita 150 kutoka katikati, na kwa kimo fulani umepima 42 hadi ubaoni. Nusu ya upana hapo ni 108. Kwa 1:20 hiyo ni milimita 54. Bado hujamaliza: umepima nje ya mbao, na taruma liko ndani yake. Ubao wa milimita 25 kwa kipimo hicho ni 1.25, kwa hiyo ukingo wa taruma lako ni 52.75. Anayesahau kutoa unene huo anapata chombo kilichonenepa pande zote mbili.

Upande mmoja unatosha, mwingine unaugeuza kwenye programu. Omo na tezi zinapinda haraka, hapo weka alama kila sentimita 20.

15. Programu zipi, na zote zinalipiwa?

Za bure zinatosha. FreeCAD inachora na inatoa msimbo wa G. Inkscape inafaa kwa mistari ya bapa: unaingiza nukta zako, unazipitishia mkunjo laini, unahifadhi SVG au DXF. Kutuma msimbo kwenye mashine, Universal Gcode Sender au bCNC.

Mkunjo usipite kwa lazima kwenye kila nukta. Vipimo vya ufukweni vina makosa madogo, na jicho lako likiona kivimbe ambacho chombo hakina, lifuate jicho.

16. Mataruma hayaingii kwenye mkuku, au yanalegea.

Sababu ya kwanza: plaiwudi inayoitwa ya milimita 3 inaweza kuwa 2.7 au 3.2. Pima kila shiti kwa kalipa, upana wa mwanya uwe unene huo na 0.1 juu. Ya pili: biti ni duara, haiwezi kukata kona ya ndani ikawa mraba. Biti ya milimita 2 inaacha pindo la nusu kipenyo, milimita 1, na taruma linagota hapo. Ongeza kitobo kidogo kwenye kona kwa programu, au pitisha tupa bapa. Kitobo kiwe upande utakaofunikwa.

17. Vipande gani visikatwe kwa mashine?

Mlingoti na foromali (boriti inayobeba tanga): vitoe kwa randa na msasa, kwa sababu vinapungua unene taratibu kuelekea ncha na mkono unalijua hilo vizuri kuliko mashine. Mbao za kufunika mataruma nazo zipasue nyembamba, uzipinde kwa maji ya moto moja moja, kwa sababu kila moja inakatwa kulingana na ile iliyotangulia. Mashine iachie mataruma, mkuku, usukani, kapi, na kila kinachojirudia.

## Kukata

18. Kasi gani, kina gani?

Kwa plaiwudi ya milimita 3, anza na biti ya mdomo mmoja ya milimita 2, mizunguko 16,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 800 kwa dakika, kina cha milimita 1 kwa pasi. Hapo kila mzunguko biti inang'ata 0.05. Kisha tazama kinachotoka. Ukiona chengachenga unazoweza kuzihisi kwa vidole, endelea. Ukiona vumbi laini kama unga wa sembe, na harufu ya kuungua, biti inasugua badala ya kukata: ongeza mwendo au punguza mizunguko, na kama haisaidii, biti ni butu.

Acha 0.2 pembeni kwenye pasi zote, kisha pasi ya mwisho iende kina kizima ikisafisha ukingo. Tofauti utaiona kwa macho. Kama uso wa juu unachanika nyuzi, tumia biti inayosukuma chenga chini.

19. Kipande kinaruka biti inapomalizia.

Acha vishikizo vitatu au vinne visivyokatwa, upana milimita 3 na unene 0.6, utavikata kwa kisu. Kwa vipande vidogo kama kapi, bandika tepe ya karatasi ya mafundi rangi chini ya mbao, nyingine juu ya meza, na superglu katikati ya tepe hizo mbili. Inashika kila sehemu na inabanduka bila kuacha gundi kwenye mbao.

20. Mbao gani za huku zinafaa?

Mataruma ya plaiwudi, maana haipasuki kwenye shingo nyembamba. Mninga kwa mbao za nje: unakatika safi na rangi yake inapendeza ukipakwa mafuta. Mvule na mkongo ni vizuri ila mkongo ni mgumu, punguza kina hadi nusu. Usinunue ubao mzima, pita kwa maseremala uchukue mabaki yaliyokauka.

Mpingo uweke kwenye vitu vidogo vinavyostahili: kapi, kana ya usukani. Mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,200, unazama majini, na biti inausikia. Kina cha 0.2 hadi 0.3 kwa pasi, biti mpya. Wachongaji wana vipande wasivyovihitaji. Kilwa kuna vijiji ambavyo misitu yao ya mpingo ilipata cheti cha FSC (cha misitu inayotunzwa vizuri) mwaka 2009, kwa hiyo mpingo wenye asili safi upo karibu nasi, hakuna sababu ya kununua wa mlango wa nyuma.

21. Vumbi lina madhara?

Ndiyo. La mvule, mkongo na mpingo linawasha pua, macho na ngozi, na baadhi ya watu linawaletea pumu. Barakoa ya vumbi, si kitambaa. Miwani muda wote. Na usiiache mashine ikikata peke yake: biti butu kwenye chenga kavu huwasha moto. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota na wa ruta kwa pamoja.

## Hewa ya bahari

22. Reli zinashika kutu. Nifanye nini?

Ukikaa Shangani au karibu na maji Lindi, chumvi inaingia hadi ndani ya nyumba. Futa reli kila baada ya kazi, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani. Skrubu za gololi zipe grisi kidogo. Kidogo kweli, maana grisi nyingi inakusanya vumbi na kuwa msasa. Mafuta ya kula yataganda, usiyatumie. Funika mashine kwa turubai nyepesi, lakini isiwe nailoni iliyobana, unyevu utajikusanya chini yake.

Plaiwudi ihifadhi ikiwa imelala, na uzito juu. Ubao wa chini wa MDF unavimba mvua zikianza: upitishie biti pana usawazishwe upya kabla ya kazi inayohitaji kina sahihi.

23. Vipuri niagize lini?

Vifaa vingi vya umeme vinatoka Kariakoo kwa kifurushi cha basi, au nje kwa posta. Weka akiba ya biti, draiva moja na kiungo cha skrubu kabla ya mvua. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, mzigo wa Dar ulikuwa haupiti.

## Hali za pekee

24. Mkuku ni mrefu kuliko mashine.

Ukate vipande viwili vyenye kiungo cha mshazari, urefu wa mshazari uwe mara nane ya kimo cha mkuku mahali hapo. Weka kiungo kati ya mataruma mawili, kisiangukie kwenye mwanya. Gandisha juu ya kioo bapa ili unyooke.

25. Naweza kuchonga ngalawa nzima kutoka kipande kimoja cha mwembe?

Unaweza, na inafaa, kwa kuwa ngalawa halisi ni gogo lililochongwa. Ya mita 6 kwa 1:20 ni sentimita 30. Toboa matundu mawili ya pini kwenye mstari wa katikati, nje ya chombo. Chonga nje chombo kikiwa kifudifudi, geuza juu ya pini zile zile, chimba ndani. Pasi ya kwanza biti bapa, ya mwisho biti ya mviringo, mistari ikiachana 0.3.

Tatizo ni kimo: biti ndefu na nyembamba inapinda. Kwa mashine dhaifu, kata tabaka za milimita 6, zipandishe kwa gundi, umalizie kwa msasa. Ndubi za pembeni zikate bapa.

26. Na mtepe, ule wa kushonwa?

Huu ndio mfano unaoifaidi mashine kuliko yote. Mbao za mtepe hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Matundu ya mbao mbili zinazokutana lazima yaelekeane, na mkono unapata taabu kuyapanga. Toboa kwa biti ya milimita 1 kwa kudona: ingia nusu milimita, toka, rudi, ili chenga zitoke. Toboa kabla ya kupinda mbao, na uache sehemu ya mwisho ya kila ubao bila matundu hadi uione imekaa mahali pake.

27. Mteja wa nje anataka chombo chenye mpingo. Kuna kikwazo?

Jamii yote ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017. Bidhaa iliyokamilika ambayo mbao hiyo ndani yake haizidi kilo 10 kwa shehena imeachwa nje ya masharti hayo, na chombo cha mfano chenye kapi za mpingo hakikaribii hapo. Magogo na mbao ghafi ni habari nyingine, vinahitaji kibali. Hata hivyo tunza risiti ya ulikonunua, na umwandikie mteja aina za mbao zote kwenye karatasi inayosafiri na chombo.

28. Sina kompyuta. Simu inatosha?

Kuendesha, ndiyo. Badala ya Arduino Uno weka bodi ya ESP32 yenye FluidNC, programu inayofanya kazi ya GRBL: inatoa Wi-Fi yake, unafungua ukurasa wake kwenye simu, unapakia faili na kuanza. Kuchora mataruma kwenye kioo cha simu ndiko kugumu. Chora kwa kompyuta ya kuazima au ya steshenari, hifadhi msimbo wa G kwenye kadi, faili moja kwa kila kipande, na uandike kwenye jina la faili aina ya biti na unene wa mbao.